Taa za Mwambani Igogo, na Jibu la Malimi

Igogo,
Mwanza.
9 Januari, 1996

Mpendwa Kaka Josephat,

Shikamoo. Kabla sijaandika jambo jingine lolote, niambie kama kile kifua kilichokusumbua msimu wa baridi kimepona kabisa. Uliandika mistari miwili tu kukihusu, ukarukia habari za shule, nami nakujua, ukiumwa huwa unaongea haraka. Kila nikifungua bando la makoti pale kibandani nakukumbuka. Nimeweka kando koti moja la sufu, la rangi ya majivu, bado zuri kabisa, na wateja nawaambia limeshauzwa. Ni la kwako.

Wifi yangu Annet hajambo? Na watoto wanaongea Kiswahili au wamekiacha njiani? Wafundishe hata salamu tu, siku wakija wasije wakamwamkia Mama kwa Kiingereza akadhani ni wageni wa Padre.

Sisi huku hatujambo. Watoto wamefungua shule jana. Selina ameingia darasa la tano, na Obedi ameng'oka meno ya mbele, sasa hacheki mbele ya watu. Mama yupo nasi tangu mwezi wa nane tulipomtoa kijijini Kamachumu kwa ajili ya macho. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na tunangoja zamu yake ya upasuaji. Kwa sasa anatofautisha mwanga na giza, na mtu akisimama dirishani anajua kuna mtu, ila hajui ni nani. Juzi fundi wa mabati alisimama pale akiomba maji ya kunywa, Mama akamwita kwa jina lako. Yule fundi akaitika. Akanywa maji, akaulizwa habari za safari, akasema njema, akaaga taratibu. Nilikuwa nyuma ya pazia na sikutoka.

Igogo ungeiona usingeitambua. Viwanda vya minofu vimeongezeka, samaki wanapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunanunua vichwa. Magugu yameziba ufuko hadi pale ulipokuwa ukimpeleka Selina kutazama meli zikiingia. Asubuhi ukiamka unadhani ziwa limeota shamba. Ukisimama juu kwenye miamba ndipo unayaona maji yake, mbali huko, na mimi siku hizi napanda mara nyingi kuliko zamani.

Sasa nije kwenye jambo unalolingojea. Barua yako ya mwezi wa kumi ilifika, ile uliyomwandikia shemeji yako Malimi kuhusu kiwanda cha mablanketi hapo kwenu Francistown kinachotafuta fundi wa mitambo ya kufumia. Najua umeshangaa kuona kimya. Jibu lipo, lakini siwezi kukupa jibu bila kukueleza lilivyopatikana. Kwa hiyo vumilia, mwambie Annet akutilie chai.

Ulipoondoka ulimwacha shemeji yako akiwa mtu wa maneno na kicheko. Tangu kiwanda cha nguo cha Nyakato kilipofungwa hujamwona, ndiyo maana nakueleza. Kwanza waliambiwa likizo. Halafu likizo bila malipo. Halafu geti likafungwa kwa mnyororo, na waliokwenda kuuliza walimkuta mlinzi peke yake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Malimi aliendelea kuamka saa ile ile ya zamu ya asubuhi. Anavaa ovaroli, anafunga vifungo vyote, halafu anakaa kitandani akitazama mlango.

Na mimi, kaka, ninauza mitumba sokoni Mabatini. Unajua mwenyewe ni nini kilichoviua viwanda vyetu vya nguo. Jambo hilo hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi. Ananibebea mabando, anayakata kamba, anapanga mashati kwenye meza. Wakati mwingine namwona ameshika shati moja, anapitisha kidole kwenye kitambaa, analiinua juani kuona lilivyofumwa, halafu analirudisha kwenye fungu. Natamani kumwambia kitu, sijui nimwambie nini. Watoto wanakula kwa mashati hayo.

Barua yako aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akibadili shati, anaihamisha. Hakusema atakwenda, hakusema hatakwenda. Siku moja nilipombana sana alisema, "Nitafika kule nimwambie nini shemeji? Kwamba tangu kiwanda kifungwe sijashika spana? Watanipa mtambo nisimame mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyenidhamini?"

Nami nikwambie kweli, nilifurahi aliposema hivyo. Sikutaka aende. Wewe ulituaga kwa mkataba mmoja, tukakusindikiza stesheni tukicheka, na kila Krismasi tangu siku hiyo tunasema mwakani. Sahani yako Mama haruhusu itumike. Nilimtazama Malimi akihamisha barua yako kutoka shati hadi shati, nikaona nikimpatia kazi ya mikono yake hapa hapa, moyo utatulia na atabaki. Ndipo nilipokwenda kwa Mama Wilhelmina.

Mama Wilhelmina humjui. Ni mwenyekiti wa kamati ya kigango chetu, mwanamke wa Kihaya kama sisi, mjane, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Kanisa la kigango limejengwa chini ya ule mwamba mkubwa unaotazama ziwa. Krismasi ya mwaka juzi mfanyabiashara mmoja alitoa zawadi ya taa za rangi kutoka Dubai, pamoja na kisanduku cha kuziwasha na kuzizima kwa zamu. Wakazitandaza nje ukutani. Katikati ya wimbo wa Utukufu mvua ikanyesha, taa zikapiga shoti, kanisa zima likazimika, na watu wakaambiwa wasiguse ukuta wala nguzo. Kwaya ilimaliza wimbo gizani. Tangu siku hiyo taa za nje zikapigwa marufuku.

Nilimkuta anapima mchele wa watoto wa Komunyo. Nikamwambia Malimi anaweza kutengeneza taa za nje, tena nyingi, za kushuka kutoka kileleni mwa mwamba mpaka kwenye pango la Krismasi, na haziwezi kumdhuru mtu.

"Malimi ni mtu wa vitambaa," akasema.

"Ni fundi wa mitambo, mama. Mitambo ndiyo iliyokuwa inafuma vitambaa."

"Na kile kisanduku cha kuziongoza? Kile cha Dubai kiliungua, na kamati haina uwezo wa kununua kingine. Bati za sakristia zinavuja."

"Hatahitaji kununuliwa kisanduku. Mpeni mwamba tu."

Alilaza kipimo juu ya mchele. "Kikitokea kilichotokea Krismasi ile," akasema, "sitakwenda kwake. Nitakuja kwako."

Malimi sikuwa nimemwambia lolote. Jioni nikamweleza kwamba kigango kinamhitaji. Alimaliza kukunja kamba ya bando aliyoishika. Halafu akauliza, "Wanataka laini ngapi?" Kaka, hilo lilikuwa swali lake la kwanza la kazi tangu geti lile lifungwe. Sikujua hata laini ni nini. Nikasema nyota ishuke kutoka juu hadi pangoni. Akatoka nje, akapanda mwambani na viatu vya mvua, akarudi giza likiwa limeingia, akachukua mkaa jikoni akachora kwenye sakafu. Laini kumi na mbili, kila moja na taa zake, kila moja iwake kwa zamu yake.

Nitakueleza alivyofanya kwa jinsi nilivyoelewa mimi, wewe mwalimu utanisahihisha. Kwanza alikataa umeme wa ukutani. Alisema nje, kwenye jiwe lenye unyevu na watoto wanaokimbia, atatumia umeme wa betri ya gari, ambao hata waya ukichubuka hauui mtu, na kila laini akaiwekea fyuzi yake. Akaenda Mabatini kwa Ngosha, yule Msukuma mwenzake mwenye gereji karibu na kibanda changu, akaomba taa za indiketa kutoka kwenye magari yaliyokufa. Ngosha ana magari mengi yaliyokufa. Akampa na betri mbili za kuazima, na waya zilizotolewa kwenye mabasi.

Pili, na hapo ndipo penye unafuu wote, alisema nyota inayotembea haiko mahali pawili. Laini ya kwanza ikiwaka, ya pili inaanza, ya kwanza inazima. Kwa hiyo hata ukiwa na laini kumi na mbili, betri inabeba mbili tu kwa wakati mmoja. Nilimwuliza kama haiwezekani zote ziwake pamoja walau mara moja, mwishoni, wakati wa kengele. Akasema betri itakufa. Nikaacha.

Kisha kile kitu cha kuziongoza. Kwenye mtambo wa kufumia, alinieleza, kuna mnyororo wenye vigingi unaozunguka polepole. Palipo na kigingi, nyuzi zake zinanyanyuka. Pasipo na kigingi, zinatulia. Ndivyo ua linavyotokea kwenye kitambaa. Akachonga gogo la mviringo, refu kama mkono, akaligawa pete kumi na mbili, kila laini na pete yake. Alipotaka taa iwake alipigilia kipande cha bati la kopo la mafuta ya kupikia. Alipotaka izime aliacha mti mtupu. Juu ya kila pete akafunga ulimi mwembamba wa shaba. Gogo likizunguka, ulimi ukikuta bati, laini inawaka. Ukikuta mti, inazima. Ni hivyo tu, kaka, hakuna zaidi. Kulizungusha alitumia mota ya waipa ya lori bovu, ukanda wa mpira wa baiskeli, na ringi ya baiskeli ili mwendo uwe wa taratibu. Siku alipomaliza kupigilia mabati aliniita uani, akalizungusha kwa mkono nikatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Odeta, nimefuma."

Sisi wengine tulipewa kazi ya vifuniko. Taa ikiwa wazi, tone la mvua linaipasua. Nikatangaza pale sokoni kwamba nataka vichupa vya plastiki vya mafuta ya kujipaka, vikiwa vitupu, na wanawake wakaleta mpaka nikakosa pa kuviweka. Mama aliviosha vyote, kwa majivu na maji ya moto, akiwa amekaa mlangoni, anapapasa ndani kwa kidole kuona kama mafuta yameisha.

"Hivi vya nini?" akaniuliza siku ya pili, ingawa nilishamwambia.

"Vya taa za Krismasi, Mama. Za mwambani."

"Josephat atakuja kuziona?"

Nikamwambia mwaka huu hapana. Alichukua kichupa kingine. "Basi tuvioshe vizuri," akasema, "ili atakayemwandikia awe na la kumwandikia."

Kwa hiyo ujue kwamba barua hii ni agizo lake.

Siku ya kujaribu haikuwa nzuri. Malimi aliweka gogo na betri kwenye chumba cha sakristia, waya zikapanda mwamba wote hadi kileleni. Mama Wilhelmina alikuja na wajumbe wawili. Laini za chini ziliwaka vizuri, lakini kadiri zilivyopanda zilififia, na ile ya kileleni, ambayo ndiyo nyota yenyewe, ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika.

"Hii ni nyota ya mtu mgonjwa," akasema Mama Wilhelmina. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona Malimi akikunja waya zake bila kumtazama mtu, na usiku hakula. Asubuhi alivaa ovaroli, akakaa kitandani, akatazama mlango. Niliogopa sana. Niliwaza kwamba nimemtoa nje ya shimo ili nimrudishe ndani zaidi.

Siku iliyofuata alipotea tangu kifungua kinywa. Nilimkuta katikati ya mwamba, kwenye kile kibanda cha mawe alimokuwa akilala mlinzi wa kanisa zamani, amekaa chini, anapima kwa macho juu na chini. Akasema umeme wa betri ni mnyonge, unachoka njiani waya ukiwa mrefu. Hawezi kununua waya nene, lakini anaweza kufupisha safari. Betri na gogo vikihamia pale katikati, nusu ya laini zitapanda na nusu zitashuka, na hakuna itakayosafiri mbali. Tulivipandisha jioni hiyo hiyo, yeye, mimi na Ngosha. Nyota ikawaka. Mama Wilhelmina alitokeza kwenye mlango wa kanisa, akatazama juu, akarudi ndani. Kwa yule mama hiyo ni sifa.

Siku ya mkesha mvua ilianza baada ya chakula cha mchana ikapiga kwa nguvu, radi upande wa Ukerewe, maji yakashuka mwambani kama mto. Ikakatika jioni. Watu walikusanyika uwanjani mbele ya kanisa kabla ya Misa, wengi kuliko siku nyingine, hata wavuvi wa Kijita wasiokuwa wa dini yetu walipanda kutoka mwaloni wanakoshushia samaki, maana habari zilikuwa zimeenea. Nilimshika Mama mkono, nikamsimamisha karibu na ngazi. Malimi alikuwa juu kibandani.

Giza lilipoingia, nyota ikawaka kileleni. Watu wakainua vichwa. Ikawaka, ikakaa pale pale. Tukangoja. Mtoto mmoja nyuma yangu akasema nyota imekataa kushuka, mama yake akamziba mdomo. Nilimwona Mama Wilhelmina akinigeukia taratibu. Halafu ile ya pili ikawaka, na ya kwanza ikazima, na ya tatu ikafuata. Kaka, sijui nikwambieje. Hazikuwa na rangi. Vile vichupa ni vyeupe kama maziwa, vinaufanya mwanga uwe laini, na jiwe lilikuwa limelowa, kwa hiyo kila taa ilikuwa na mwenzake chini yake. Ilikuwa inashuka kama mtu mwenye kibatari anayejua njia.

Mama akaniminya mkono. "Odeta, kuna kitu kinashuka."

"Unakiona, Mama?"

Aliinua kidole. "Kipo pale," akasema. "Sasa kipo pale. Sasa pale." Kidole chake kilikwenda na taa hatua kwa hatua, mpaka chini, mpaka pangoni, hakikukosea hata mara moja. Nyota ilipoanza tena kileleni, kidole nacho kikapanda kuifuata. Watu waliokuwa karibu yetu waliacha kutazama mwamba, wakamtazama yeye.

Mama Wilhelmina akaja akamshika mkono wa pili. Nikamwachia, nikapanda kwenda kwa Malimi, maana nilitaka awe wa kwanza kuambiwa.

Nilimkuta amepiga goti mbele ya gogo, shati limemgandia mgongoni, anazungusha kwa mkono. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelowa na kuteleza kwenye ringi, mota ilikuwa inajizungukia yenyewe. Ndiyo maana nyota ilisimama. Aliuvua ukanda huo akashika ringi, na tangu hapo alikuwa hajapumzika.

Nikamweleza habari za Mama na kidole. Alisikiliza mkono ukiendelea. Akauliza zinaonekanaje. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajaona kitu. Kibanda hakina dirisha upande wa kanisa, na mwamba unaziba upande wa juu.

"Toka ukaone," nikasema.

"Nikitoka zitasimama."

"Nipe mimi."

Alinitazama, akasogea kidogo, nikaweka mkono wangu juu ya wake tukazungusha pamoja mpaka nikaupata mwendo. "Kama unavyosaga karanga," akasema. "Usiharakishe." Akatoka.

Nilizungusha peke yangu. Nilisikia ndimi za shaba zikigusa bati, tik, tik, na cheche ndogo za buluu. Nje nilisikia watoto wakihesabu, kwaya ikijaribu sauti, na mbali kabisa honi ya meli bandarini. Nilikuwaza wewe. Niliwaza kwamba kama ungekuwa unaingia na meli ile, ungetazama juu ukaona kitu kinashuka mwambani, ukauliza mtu aliye karibu nawe ni nini, naye asingejua, na mimi ndiye niliyekuwa nakizungusha.

Malimi alikaa nje muda mrefu. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Zinapendeza?"

"Laini ya saba inachelewa kidogo," akasema. Akafuta maji usoni. "Nyingine zote zinakwenda nilivyozipanga."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua yako. Ilikuwa imelowa yote, wino umevuja. Hakuifungua. Akasema, "Odeta, nitakwenda kwa Josephat. Nilikuwa naogopa kwamba mikono imesahau. Haijasahau. Sasa naweza kusimama mbele ya mtambo wa mtu yeyote."

Mkono wangu ulikuwa kwenye ringi. Ningeuacha, nyota ingesimama katikati ya mwamba na watu wote kule chini wangejua kwamba kuna jambo limetokea juu. Mama angebaki ameinua kidole. Nikazungusha. Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye gogo, nikaogopa yasiharibu ndimi, nikageuza uso pembeni, nikazungusha.

"Umenisikia?" akauliza.

"Nimekusikia. Rudisha huo mlango, upepo unaingia."

Akaurudisha. Akaja akapiga goti upande wa pili, na tuliendelea kupokezana hivyo mpaka kengele ya Misa.

Siku ya Krismasi, baada ya chakula, alimwambia Mama mwenyewe, kwa heshima, amekaa chini kwenye mkeka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi sasa nitakuwa na wawili wa kuwangoja." Akaomba maji ya kunawa. Baadaye nilimsikia akimwuliza Selina ni upande gani wa nyumba ukitazama ndio wa Botswana, na Selina akamgeuza kiti.

Usidhani alikosa kazi hapa, kaka. Baada ya sikukuu Ngosha alimwita kwenye gereji, akampa ahadi nzuri. Kigango cha jirani kimeshaomba gogo la Pasaka. Nilimwambia Malimi kwamba Ngosha ni rafiki, na gereji ipo hatua chache kutoka kibanda changu, tungekuwa tunakula mchana pamoja. Alinijibu kwa upole sana. Alisema magari ni kazi njema, lakini anataka kusikia tena mtambo ukifuma. Nilikuwa sijui kwamba anausikia mpaka leo. Mimi nilimtafutia kazi ili abaki, na kazi ile ile ndiyo iliyompa nguvu ya kuondoka. Nimelia vya kutosha, nimemaliza. Afadhali niwe na mume aliye mbali anayefuma, kuliko kumtazama kila asubuhi amevaa ovaroli na hana pa kwenda.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Pasi ya kusafiria amepata. Atapanda treni hapa mwishoni mwa Februari mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya Zambia mpaka Kapiri Mposhi, na kuanzia hapo ni mabasi na pantoni ya Kazungula, kama ulivyotuelekeza. Waambie wenye kiwanda wasimpe mtu mwingine.

Nina ombi moja. Ni mkataba mmoja, kaka. Ukifika mwisho, hata wakimsifu, hata wakimwongezea, umpakie kwenye basi arudi. Na siti ya pembeni yake ukae wewe. Sisemi uache kazi. Nasema uje mwezi mmoja. Mama atakuwa amepasuliwa macho, Mungu akipenda, na mtu wa kwanza anayetaka kumtazama ameshamtaja, sihitaji kukuandikia ni nani.

Mama anakusalimu sana, anasema ule ndizi hata kama ni zile ngumu za huko. Shangazi Sabina ameandika kutoka Kamachumu, kahawa mwaka huu ina bei na ameezeka jiko. Selina anauliza kama ni kweli huko kuna tembo barabarani. Obedi anakusalimu akiwa amefunga mdomo. Mama Wilhelmina, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu pia, na amenitaka nikuandikie kwamba taa hazikumdhuru mtu.

Jambo la mwisho, nalo usilipuuze. Siku Malimi atakapofika, uende mwenyewe kituo cha mabasi, usimtume mtu. Mume wangu hajui kuuliza njia. Siku ya kwanza alipoajiriwa Nyakato alizunguka uzio wote wa kiwanda kwa miguu, akachelewa, kwa sababu aliona aibu kumwuliza mtu geti lipo wapi. Basi likichelewa, ungoje. Likifika usiku, ungoje. Akishuka atasimama pale aliposhukia na begi lake, hatakwenda kulia wala kushoto, atatazama watu usoni mpaka auone uso anaoufahamu. Uwe wako.

Mwenyezi Mungu awalinde ninyi wote mlio mbali, awape afya, na awaonyeshe njia ya kurudi nyumbani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Odeta